Kidole Gumba Hakimfanyi Mwanafunzi

Mwaka 1929, Wakristo wa misheni ya Kiskoti ya Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, waliwekewa kiapo mbele yao. Daktari Clive Irvine, aliyefika hapo mwaka 1922 na kujenga kazi ya hospitali inayowatibu watu hadi leo, alitaka kila mshiriki atamke kwamba ameachana kabisa na tohara ya wasichana. Asiyejua kuandika jina lake alitia kidole gumba. Aliyekataa hakuhesabiwa tena kuwa mshiriki. Walio wengi walikataa.

Kwa muda mfupi, watu waliobatizwa, waliojifunza kusoma kwa ajili ya Injili, waliozoea kukaribia meza ya Bwana pamoja, walijikuta nje. Mtikisiko huo haukuwa wa Chogoria peke yake. Uliwakumba Wapresbiteri wa Kikuyu na Tumutumu, ukawafikia Waanglikana wa Embu, na katika nchi yote inayouzunguka mlima ukachochea shule na makanisa huru yaliyoendeshwa na Waafrika wenyewe. Irvine hakuwa na nia mbaya. Madaktari wa misheni walikuwa wameona kwa macho yao jinsi makovu ya ukeketaji yanavyowatesa akina mama wakati wa kujifungua, na katika hilo historia imewapa haki. Walichokosea ni njia. Walitaka desturi ya vizazi na vizazi imalizwe kwa alama moja ya wino.

Swali la siku zile halijaondoka. Mtu huwa mwanafunzi wa Kristo kwa njia gani? Ni kwa tendo la siku moja, iwe sahihi, ubatizo au kuinua mkono mkutanoni? Au ni kwa kufinyangwa kidogo kidogo, hadi tabia ibadilike na mwenyewe asiweze kusema ilianza kubadilika lini? Meru, Tharaka Nithi na Embu zina zaidi ya miaka 100 ya ushahidi, na ushahidi huo unaelemea upande wa pili.

Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS walifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata waliingia Meru muda mfupi baadaye, na Wamethodisti kutoka Uingereza wakaanza kazi Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka 1912. Mmeru wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kimethodisti, Filipo M'Inoti, alisubiri hadi mwaka 1934. Leo, wakati mtu anaweza kuokoka Januari na kufungua kanisa Desemba, miaka 22 inaonekana mingi mno. Sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na Wazungu waliokawia kumwamini Mwafrika, na hilo halina utetezi. Lakini ndani ya miaka hiyo kulikuwa na kazi nyingine iliyostahili muda wake: watu wazima wakikaa chini kujifunza herufi ili wasome Maandiko, wakirudi nyumbani kujaribu walichosoma kwa wake zao, waume zao, wakwe zao na majirani, kisha wakirudi tena na maswali.

Wakristo wa karne za mwanzo walikuwa wakali zaidi. Kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho kwa desturi huhusishwa na Hippolytus wa Roma, kinataka wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wafundishwe kwa miaka 3. Muda ukiisha, hawaulizwi walichokariri. Inaulizwa namna walivyoishi: je, waliwaheshimu wajane, waliwatembelea wagonjwa, walitenda mema? Na wanaotoa ushahidi ni wale waliowaleta, watu wanaowajua nyumbani kwao.

Wamethodisti walikuja na chombo kilichofanana na utaratibu huo. Mwaka 1742, waumini wa John Wesley mjini Bristol walikuwa na deni la jengo lao. Mmoja wao akapendekeza kila mtu atoe senti moja kwa juma, na watu wagawanywe makundi ya 12, kila kundi na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Waliotumwa kukusanya senti wakarudi na habari nyingi kuliko senti. Walikuwa wameona nani anaishi visivyo, nani amekata tamaa, nani anaumwa na hana wa kumwangalia. Wesley akatambua kwamba amepata bila kutafuta kitu alichokuwa akikihitaji kwa muda mrefu, na kuanzia hapo kila Mmethodisti akawa na darasa lake na kiongozi wa darasa.

Chombo hicho kilivuka bahari, kikapanda mlima. Katika vijiji vya Imenti, Meru, kiongozi wa darasa mara nyingi ni mama wa makamo mwenye shamba lake na ng'ombe wake wa kukamua. Hupita kwa washiriki wake jioni, baada ya majani ya chai kupimwa, akiwa na gamubuti na leso begani. Hafiki na hotuba.

"Mama Kendi, tumekukosa Jumapili mbili."

"Ni huu mguu, mama. Na kijana alirudishwa nyumbani, karo haijatosha."

Chai ya maziwa huletwa. Mguu huangaliwa. Jina la mwalimu wa kijana hutajwa, na mtu anayemfahamu mwalimu huyo hukumbukwa. Kabla ya kuondoka, mgeni husoma aya chache na kuomba kwa Kimeru, na katika maombi yale karo na mguu hutajwa sawa na wokovu wa roho. Mtu anayetafuta mahali uanafunzi unapofanyika, na aanzie hapo. Mahubiri ya Jumapili humwambia Mama Kendi kwamba Mungu anamjali. Ziara ya Jumanne humpa sababu ya kuamini hivyo.

Wakatoliki walifika mahali hapohapo kwa njia yao. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jimbo la Embu, lililotengwa na Meru mwaka 1986 na kupewa John Njue kuwa askofu wake wa kwanza, limekua likiwa na jumuiya hizo tangu utoto wake. Majirani kadhaa hukutana katika nyumba ya mmoja wao, viti vya plastiki vikiazimwa kutoka nyumba ya pili, Injili ya Jumapili inayokuja ikisomwa mara mbili polepole, kisha kimya, kisha kila mmoja akitaja neno lililomgusa. Baada ya hapo huja mambo ya kufanya: nani amefiwa, nani amejifungua, nani atapeleka kuni. Wapo wanaoulalamikia utaratibu huo kwamba umekuwa wa mchango baada ya mchango, na malalamiko yao yana ukweli. Jumuiya inayokutana ili kukusanya pesa tu imerudi Bristol kabla ya ugunduzi.

Kuna watu watakaopinga hoja hii yote, na hawapaswi kupuuzwa. Ni watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Moto ule ulianzia Rwanda na Uganda, katika urafiki wa Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, ukafika Kenya mwaka 1937 kwa mkutano wa Kabete, ukasambaa Kirinyaga na Embu na kukaa. Mzee wa Uamsho anaweza kukutajia tarehe aliyookoka, mahali alipokuwa amesimama na nani alikuwa akihubiri. Kwake yeye, kusema kwamba mtu huwa mfuasi kidogo kidogo ni kumpa mwenye dhambi ruhusa ya kuahirisha.

Lakini tazama walichofanya kesho yake. Aliyeokoka alirudisha alichoiba. Jembe lilirudi kwa mwenyewe, deni la miaka lililipwa, uongo uliosemwa mbele ya baraza ulikanushwa mbele ya baraza, kama Zakayo alivyofanya. Mume na mke wakaanza kula pamoja katika nyumba ambazo mwanamume alikuwa akila peke yake. Kisha, kila juma, wakakutana na ndugu wengine kuweka mambo nuruni: hasira niliyomwonyesha mtoto, wivu kwa jirani, shilingi niliyoficha. Walifanya hivyo juma baada ya juma, wengine hadi kufa kwao. Tarehe ya kuokoka ilikuwa ya kweli. Iliyowafanya wawe watu ambao hata mwenye duka asiyeamini angewaachia ufunguo wake ni ile mikutano isiyo na idadi iliyofuata. Wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, na baadhi waliuawa kwa sababu hiyo. Uthabiti wa namna hiyo haupatikani usiku wa hatari. Hujengwa mapema, katika mambo madogo kama shilingi iliyofichwa.

Mmoja aliyelelewa katika mazingira hayo ni David Gitari, aliyezaliwa Ngiriambu, Kirinyaga, mwaka 1937, akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975, na makao yake Embu. Kenya nzima ilimjua kwa mahubiri yake dhidi ya uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea, na kwa genge lililovamia nyumba yake usiku mwaka 1989. Kisichosemwa sana ni kwamba alikuwa mwalimu wa Biblia kwanza. Alifanya kazi na wanafunzi wa vyuo, akawa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, na mimbarani alifafanua Maandiko hatua kwa hatua, Danieli au Nehemia, mpaka msikilizaji mwenyewe aone yanamhusu nani. Viongozi wa serikali walikasirikia mahubiri hayo kwa sababu wakulima wa Embu na Kirinyaga waliyaelewa. Walikuwa wamefundishwa kusoma namna hiyo.

Sasa turudi kwenye jambo lililoivunja Chogoria, kwa maana lilikuwa na sura nyingine mbili.

Mwezi wa Aprili mwaka 1956, katikati ya hali ya hatari, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana kwa msukumo wa serikali ya kikoloni. Wazee wote walikubali. Wasichana hawakukubali. Wakaingia vichakani na nyembe na kutahiriana wenyewe kwa wenyewe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka 3 iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja marufuku hiyo. Hata mabinti wa nyumba za Kikristo walikuwemo. Amri ilikuwa imetoka kwa wazee na Wazungu. Hakuna aliyekaa na binti kumuuliza anaogopa nini akibaki bila kutahiriwa: kuchekwa na wenzake, kukosa mume, kuitwa mtoto maisha yake yote.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, huko Tharaka, chama cha Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH vilianza jambo lililoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Kabla ya siku yenyewe yalifanyika mazungumzo marefu na mama, baba na nyanya, kwa kuwa msichana hawezi kuibeba hatua hiyo peke yake. Kisha wasichana wakatengwa kwa juma zima kama zamani, wakafundishwa kuhusu mwili, ndoa, heshima na imani, kila mmoja akiwa na mama wa kumsimamia, na mwisho wakatoka hadharani kwa nyimbo, chakula na zawadi, bila kisu. Makanisa kadhaa ya eneo hilo yamechukua mtindo huo. Kwa wavulana, hospitali ya Chogoria, ile ya Irvine, iliunganisha tohara yao na juma la mafundisho: usafi, ukimwi, namna ya kumheshimu mwanamke, namna ya kuwa mtu mzima. Hospitali iliyokuwa katikati ya ugomvi wa mwaka 1929 ikawa mahali pa kukaa na vijana na kuwasikiliza.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na mwandishi wa habari za imani hawezi kuuruka. Je, binti aliyekeketwa mwaka 1957 wakati kanisa likijifunza uvumilivu, uvumilivu ule ulimfaa nini? Neno polepole limewahi kutumiwa na watu wengi kama blanketi la kufunika woga wao. Mchungaji anayejua kwamba mzee wa kanisa anampiga mke wake, akasema Mungu bado anamfanyia kazi, anamdhulumu yule mke. Kwa hiyo mambo mawili yatenganishwe. Anayeumizwa hulindwa leo, na ndiyo maana Kenya ina sheria ya mwaka 2011 dhidi ya ukeketaji, sheria inayostahili kuungwa mkono na kila mimbari. Lakini sheria haimfanyi mtu apende kile inachoamuru. Mwaka 1998, kati ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49, asilimia 38 walikuwa wamekeketwa; kufikia mwaka 2022 kiwango kilikuwa asilimia 15. Ndani ya nambari hizo mna sheria na shule, na mna pia maelfu ya mazungumzo ya usiku kati ya mama na binti ambayo hayakuandikwa popote.

Uanafunzi wa kila siku hauishii kwenye mambo ya mwili. Huko Imenti, Igembe na juu kule Embu, mtihani mkubwa wa mwaka huja na bonasi. Viwanda vya chai kama Githongo, Kinoro, Michimikuru, Mungania na Rukuriri huwalipa wakulima kila mwezi kiasi kidogo, kisha mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba, hulipa kile kilichobaki. Mke amechuma majani mawili na chipukizi tangu mwaka uanze, mvua ikimnyeshea, mgongo ukimuuma. Jina kwenye akaunti, mara nyingi, ni la mume. Siku ile baa hujaa. Kiongozi wa darasa anayejua kazi yake hangoji siku ile. Huanza Agosti, mbele ya wote wawili: bonasi itakuja, mmepanga nini? Swali hilo halina mstari wa Biblia ndani yake, na bado ni kazi ya Injili tupu.

Huko Mbeere, upande mkavu wa Embu, mtihani ni mgumu zaidi. Muguka, zao la majani yanayotafunwa kama miraa, huvumilia ukame kuliko mahindi, na majani yake huchumwa kila mara, kwa hiyo hulipa karo wakati mazao mengine yamekauka shambani. Mwezi wa Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipiga marufuku uuzaji wake katika kaunti yake, akisema unaharibu vijana, Kilifi ikafuata. Viongozi wa Embu waliwaka hasira, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Makanisa ya Mbeere yamejaa wakulima wa muguka. Mchungaji atakayesimama Jumapili moja na kuamuru miti ing'olewe atakuwa anarudia mwaka 1929, na watoto wa shule ndio watakaolipa. Mchungaji atakayepokea fungu la kumi la muguka miaka nenda miaka rudi bila kusema chochote atakuwa ameacha kufundisha. Katikati yao kuna kazi ndefu: kusoma habari ya Msamaria mwema katika jumuiya huku wakimkumbuka mama wa Kisauni, Mombasa, ambaye kijana wake halali usiku, kuulizana kwa uaminifu jirani yetu ni nani, kutafuta zao la pili, na kumkataza mwana wa nyumbani kutafuna. Mkulima mmoja atapunguza nusu eka. Mwingine hatapunguza chochote mwaka huu. Wote wawili waendelee kuja, na swali liendelee kuulizwa.

Milima ya Nyambene ina mfano mwingine wa kazi ya namna hiyo. Bruda Giuseppe Argese, mmisionari wa Consolata kutoka Italia, alikuwa fundi. Huko Tuuru kulikuwa na nyumba ya watoto waliolemazwa na polio, na hapakuwa na maji. Akapanda msituni, akachimba, akakinga maji yanayotokana na ukungu unaogandamana kwenye miti na udongo wa mlima, akajenga mabwawa na kulaza mabomba kuelekea vijiji vya Tigania na Igembe, kazi iliyoendelea kwa miongo kadhaa. Watu wa huko walimwita Mukiri, mtu mkimya. Hakuwa padri, na hakujulikana kwa mahubiri. Wanawake wa Igembe waliokuwa wakitembea saa nyingi na mitungi walimwelewa bila kufasiriwa.

Leo madarasa na jumuiya hizi zina tatizo lisilohusu mafundisho. Waliozishikilia wanazeeka. Vijana wamekwenda Nairobi, au wamo katika vyuo vya hapahapa, Chuo Kikuu cha Methodisti kilichoanza mwaka 1997, na vile vya Chuka na Embu, na wengi wao wanamjua mhubiri wa YouTube kuliko wanavyomjua mtu wa nyumba ya pili. Baadhi ya makundi yamehamia WhatsApp, ambako maombi hutumwa alfajiri na michango hupita kwa M-Pesa. Hiyo si hasara yote. Mwana aliye Doha au Minnesota hupata habari za msiba siku hiyohiyo. Lakini simu haiuoni mguu uliovimba, wala kitanda ambacho mtu mmoja ameacha kukilalia.

Ripoti za mwaka za makanisa mengi huhesabu waliobatizwa, waliopata kipaimara, na sadaka iliyokusanywa. Ni haba zinazosema ni nyumba ngapi zilizotembelewa, au viongozi wa madarasa wangapi waliofundishwa namna ya kumsikiliza mjane, mlevi na binti anayeogopa. Hilo linaweza kurekebishwa katika mkutano mkuu mmoja, na halihitaji fedha za ng'ambo. Kanisa linalomlipa mhasibu wa sadaka lina uwezo wa kumlipia mama wa Imenti nauli ya bodaboda, apande kilima kwa washiriki wake 12, na kuweka darasani kijana mmoja wa kupanda naye.